Mbwa wa jirani na kuku wako: soma manyoya kabla hujagonga geti

Asubuhi niliyokuta mitetea saba wamelala uani kwangu Kibaha, kila mmoja kona yake, sikuhitaji mtu wa kunitajia muuaji. Mbwa wa jirani alikuwa amesimama kwenye upenyo wa ua wa minyaa, unyoya umemganda puani. Nikavaa kandambili, nikaenda kugonga geti, na maneno niliyoyatoa pale yalitugharimu salamu kwa miezi mitatu. Siku ile angalau nilikuwa na haki. Tatizo ni mara ya pili. Kuku wanne walikufa, mbwa yuleyule akaonekana barabarani na mzoga mdomoni, nikaenda tena na sauti ileile. Jioni bwana mifugo akampasua mmoja, akaniambia hawa wameuawa na ugonjwa wa kideri. Mbwa aliwafukua tu kwenye shimo la taka, na shimo hilo mimi mwenyewe nililiacha wazi. Ikabidi nirudi kwa jirani kuomba radhi, kitu ambacho kwa mtu wa umri wangu si chepesi.

Tangu hapo nikipoteza kuku najiuliza mambo matatu, na kwa mpangilio huu: nani, saa ngapi, kapita wapi. Wengi wetu tukishapata jibu la kwanza tunakwenda moja kwa moja kwenye ugomvi. Mimi nimeona swali la pili, lile la saa, ndilo linaloponya kuku wengi kwa gharama ndogo.

Kwanza, usifagie

Kwetu siku huanza na ufagio. Mtu anaamka, anafagia uwanja, ndipo anabandika chai, na katika dakika kumi hizo ushahidi wote umeingia kwenye fungu la taka. Ukikuta mzoga, zuia ufagio. Piga picha mizoga ilipolala, piga picha mafungu ya manyoya, zunguka banda lote ukitazama chini. Hesabu waliobaki, lakini usiwaandike kuwa wamekufa wale usiowaona: kuku aliyekimbizwa na mbwa anaweza kujibana kichakani bila kutoa sauti hadi jua linapotua, kisha akarudi mwenyewe kama aliyekwenda sokoni.

Kama unahisi adui atarudi, hamishia ufagio jioni. Uwanja uliofagiwa baada ya kuku kuingia bandani unaandika kila aliyepita usiku. Ardhi ikiwa ngumu, chekecha jivu la jikoni ulimwage kulizunguka banda, upana wa hatua moja. Alfajiri utasoma. Mbwa huacha vidole vinne na alama za kucha mbele yake, unyayo mrefu kidogo kuliko upana wake. Paka naye ana vidole vinne, lakini unyayo ni wa mviringo na kucha hazionekani kwa sababu huzificha anapotembea. Ukiona vidole vitano na kucha ndefu za mbele zilizochimba mchanga, humtafuti mbwa tena.

Mizoga mingi imetapakaa na hakuna aliyeliwa

Hapo mbwa ndiye wa kwanza kushukiwa. Mbwa anayelishwa ugali nyumbani haui kuku kwa njaa. Anachokipenda ni mbio. Kuku anaruka na kupiga kelele, mbwa anamfuata, anamdaka, anamtikisa. Kuku akinyamaza, hamu imekwisha, anamgeukia anayeendelea kukimbia. Ndiyo maana anaweza kuua kumi kwa robo saa asile hata mmoja, na ndiyo maana waliosimama kimya juu ya mti au ndani ya tundu hupona.

Fungua manyoya uone. Meno ya mbwa hukaa mgongoni, mapajani na chini ya mbawa, yaani popote anapomkuta kuku anayekimbia kwa nyuma. Manyoya huwa yamelowa mate na kushikana. Mara nyingine huoni tundu lolote, kumbe shingo au uti wa mgongo umevunjika kwa kutikiswa. Manyoya hutoka mafungu mafungu, kila fungu mahali pake, na ukiyaunganisha kwa macho unapata njia aliyokimbilia kuku.

Wakiwa mbwa wawili au watatu hasara ni kubwa kuliko hesabu yao, kwa sababu wanashindana. Uliza kama kuna jike mtaani aliye kwenye joto. Kipindi hicho huchukua wiki mbili hadi tatu, na madume ya mitaa mitatu hukusanyika na kupita kila ua, hata yale ambayo siku nyingine hayatoki nje ya geti. Mbwa wa jirani akigeuka mhalifu ghafla baada ya miaka ya utulivu, hiki ni chanzo cha kuangalia mapema, na habari njema ni kwamba kitaisha chenyewe. Funga kuku hizo wiki mbili tatu.

Dalili ambazo hazimhusu mbwa

Neno kicheche hapa kwetu limebeba mzigo mkubwa. Kila mnyama mdogo wa usiku anayeua kuku huitwa hivyo, awe kicheche mwenyewe, kanu au nguchiro. Kwa mfugaji, jina si muhimu kama alama. Kuku akikutwa ndani ya banda lililofungwa, kichwa hakipo na mwili uko palepale pembeni ya wavu, mara nyingi kavutwa shingo kupitia tundu la wavu na mnyama mdogo aliyeshindwa kumtoa mzima. Mbwa hana kazi ya ustadi kama hiyo. Dawa ni kubadilisha wavu wenye matundu mapana, au kuziba nusu ya chini kwa mabati.

Banda likiwa limevunjwa kwa nguvu, mbao zimeng'olewa na kuku karibu wote wamekufa, na unaishi karibu na pori au mashamba ya mikorosho, mfikirie nyegere. Ana kucha za kuchimbia na haogopi kelele. Wavu mwembamba kwake si kitu.

Vifaranga wanaopungua mmoja mmoja mchana bila unyoya wala damu wamechukuliwa na mwewe, paka au kunguru. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu ni wageni walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 kisha wakatapakaa pwani yote, na kwa kifaranga wa siku tatu ni adui mbaya kuliko mbwa yeyote. Weka vifaranga chini ya tenga hadi wiki ya nne. Kifaranga aliyefia kiotani huku amefunikwa na wadudu ni siafu, na hapo jivu la moto na kuhamisha kiota haraka ndivyo vitu vya kufanya. Mayai yakitoweka pasipo ganda, nyoka au kenge. Maganda yakikutwa mbali na kiota, nguchiro, na ndiyo, hata mbwa, maana mbwa akishaonja yai hulibeba mdomoni taratibu kama mtoto aliyeiba sukari.

Na ukikuta banda tupu, hakuna manyoya, mlango umefungwa vizuri kama ulivyouacha? Huyo ana miguu miwili.

Mbwa kaonekana na mzoga, lakini hakuna aliyesikia kelele

Hii ndiyo dalili iliyoniaibisha. Kuku anayeuawa na mbwa hafi kimya. Mtaa mzima husikia. Kama hakuna aliyesikia kitu, mchune kuku ngozi pale alipong'atwa. Aliyeng'atwa akiwa hai huwa na damu iliyovilia chini ya ngozi kuzunguka jeraha, nyama imegeuka nyekundu iliyoiva au zambarau. Aliyeng'atwa akiwa ameshakufa huwa na tundu kavu tu, nyama yake haina tofauti na sehemu nyingine.

Baada ya hapo tazama waliobaki. Wamejikunyata? Kinyesi ni cha kijani? Kuna anayepinda shingo, anayeburuta mbawa, anayepumua kwa kukoroma? Hicho ni kideri, wengine huita mdondo, na kinaweza kufyeka banda zima ndani ya wiki. Kideri hakina tiba, kina kinga: chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Mizoga ichomwe au ifukiwe kina cha goti na zaidi. Ukiitupa jalalani umefanya makosa mawili kwa pamoja, umesambaza ugonjwa na umemfundisha mbwa ladha ya kuku.

Wameuawa saa ngapi?

Mbwa wengi wa mitaa yetu si wazururaji kwa tabia. Ni walinzi. Mwenye nyumba humfunga mchana na kumfungua saa nne usiku watu wakilala. Geti likiwa na upenyo, mbwa huyo aliyekaa mnyororoni saa kumi na nne hana mpango wa kulinda chochote, anataka kukimbia. Usiku kuku wako wamelala ndani, kwa hiyo mara nyingi hakuna linalotokea. Ajali hutokea pale ratiba mbili zinapogongana: wewe unafungua banda saa kumi na moja na nusu alfajiri ukienda msikitini au kuwahi daladala, naye jirani anamfunga mbwa saa moja na nusu anapoamka. Saa mbili hizo ndizo zilizoniulia kuku saba.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari mmoja, andika saa. Mlifungua banda saa ngapi, kelele zilisikika saa ngapi, mbwa alionekana kafungwa saa ngapi. Ukiona hasara zako zote zinaangukia alfajiri, chelewesha kufungua banda hadi saa mbili asubuhi. Mitetea wanaotaga hawatapungukiwa; mayai mengi hutagwa asubuhi, hivyo wakikaa ndani watayataga kwenye viota badala ya vichakani, na hiyo ni faida juu ya faida. Wape maji na pumba kidogo humo ndani ili wasigombane. Mimi nilikaa wiki sita nikitumia njia hii peke yake, na kwa wiki sita hakufa kuku.

Hasara zikiwa za jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, tazama kuku waliochelewa kuingia. Mara nyingi ni wageni uliowanunua juzi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kama humfungi kamba basi mfungie ndani wiki nzima ajue kwao ni wapi. Asipojua atalala chini ya mti wa jirani, palepale mbwa anapofunguliwa. Tazama pia banda lenyewe. Kuku wanaokataa kuingia mara nyingi wanakimbia utitiri au joto, na tiba yake si ukuta.

Hasara za katikati ya usiku zina maana moja tu: banda linapitika.

Kapita wapi

Chuchumaa. Tundu analopita mbwa wa kwetu huwezi kuliona ukiwa umesimama. Mbwa wa ukubwa wa kati akishapitisha kichwa, mwili unafuata; upenyo wa shubiri moja chini ya geti unatosha, hasa kama kuna udongo laini wa kukwaruza. Tafuta nywele zilizonasa kwenye waya, matope yaliyosuguliwa, njia iliyokanyagwa ikalainika.

Ua wa minyaa unaonekana mzito kwa juu, lakini chini ya goti ni mashina matupu. Michongoma ni bora, ila huchukua miaka kufumbana. Kwa vyote viwili, suka fito au mabanzi chini, urefu wa nusu mita, na kazi imekwisha. Kwa ukuta wa tofali, mkosaji huwa ni tundu la kutolea maji ya mvua. Chomeka nondo tatu zilizosimama, nafasi kati yake isizidi upana wa ngumi. Fungu la tofali au mchanga lililoegemea ukuta kwa upande wa nje ni ngazi. Nilimwona mbwa akilipanda kwa utulivu kama mtu anayerudi nyumbani.

Sasa wavu. Ule wavu mwepesi wa matundu yenye pande sita unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Kumzuia mbwa asiingie haujui. Akiuvuta kwa meno mara mbili tatu unafumuka kama fulana. Kama uwezo upo, nusu ya chini ya banda tumia wavu wa nondo nyembamba zilizochomelewa, na ule mwepesi uuweke juu. Kama uwezo haupo, zungushia mabanzi au mabati chakavu hadi kimo cha kiuno. Faida ya mabati ni kwamba mbwa haoni kuku wakitembea ndani, na asichokiona hakimpandishi damu.

Mbwa mchimbaji ana tiba yake, na ni rahisi kuliko kuchimba msingi. Chukua wavu wenye upana wa nusu mita hadi sentimita sitini, ulaze chini kwa nje ya banda, ukingo wake mmoja umefungwa kwenye ukuta wa banda kwa waya wa kufungia nondo, mwingine umeshindiliwa kwa mawe. Funika kwa udongo. Mimi naiita sketi ya banda. Mbwa huja hadi ukutani, anaanza kuchimba palepale, kucha zinakutana na waya, anahama hatua moja, anakutana nao tena. Hana akili ya kurudi nyuma nusu mita akaanzie mbali. Nimeitazama kwa tochi ikifanya kazi, na sikuwahi kufurahia kitu cha bei ndogo kiasi kile. Ukiwa karibu na bahari, kama Kigamboni au Bagamoyo, chumvi itaula wavu mapema. Paka rangi au tumia mawe makubwa yaliyopangwa yakashikana.

Milango ndiyo iliyobaki. Kipande cha mti kilichoegemezwa si komeo. Mbwa husukuma kwa pua na kukwaruza kwa mguu, hivyo weka komeo la kusokota au la kusukuma, mbili, juu na chini, ili kona ya chini isikunjuke. Bawaba zilizolegea ni mlango wa pili.

Banda lililoinuliwa kwa miguu ya mti hadi mita moja humaliza habari ya uchimbaji kabisa, na kinyesi kinadondoka chini. Ila ondoa ngazi usiku.

Taa za sola zinazowaka mtu akipita husaidia wiki mbili tatu za mwanzo. Baadaye mbwa huzizoea. Nilimkuta amelala chini ya mwanga wake.

Umeziba kila mahali na bado anakuja

Basi unamwita. Matumbo na manyoya baada ya kuchinja, mayai mabovu, vichwa vya dagaa, maji ya kuoshea nyama, vyote vikitupwa nyuma ya banda vinamwekea mbwa mezani kila siku. Kuua kuku ni hatua ya mwisho ya safari iliyoanza na utumbo wa bure. Chimba shimo lenye kifuniko, au fukia siku hiyohiyo. Chakula cha kuku chenye dagaa kihifadhi kwenye pipa. Na uwaambie watoto wasimtupie mbwa mifupa juu ya ua kwa huruma. Huyo mbwa wa jirani yangu alikuwa na urafiki na mwanangu wa mwisho, jambo nililolijua baadaye sana.

Kuku aliyenusurika

Kwa saa chache za kwanza, mshtuko unaua sawa na meno. Mweke peke yake kwenye boksi, mahali penye giza kidogo na joto, na maji karibu. Usimrudishe kwa wenzake akiwa na damu. Kuku hudonoa wekundu, watammalizia. Punguza manyoya kuzunguka jeraha, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, kisha paka iodini. Jeraha la meno huwa dogo juu na refu ndani, kwa hiyo usilishone wala kuliziba. Liache litoe uchafu. Akivimba kama puto na ukibonyeza ngozi inapiga kama karatasi, hewa imeingia chini ya ngozi kwa sababu mifuko yake ya hewa imetobolewa. Wengine hupona. Antibayotiki mwachie bwana mifugo aseme ipi na siku ngapi, pamoja na siku za kutokula mayai yake.

Wazima nao watasimama kutaga, siku kadhaa hadi wiki mbili au zaidi, na wengine watanyonyoka manyoya. Usiwauze kwa hasira.

Swali la sufuria nalo huja kila mara. Aliyekutwa amekwisha kufa ni kibudu, na kwa Waislamu shauri limeishia hapo. Aliyewahiwa akiwa na uhai akachinjwa ni habari nyingine, lakini hata huyo, kama mbwa ana dalili zozote za ugonjwa, mfukie. Usimshike kwa mikono mitupu yenye mikwaruzo.

Kwenda kwa jirani

Nenda ukiwa umeoga na umekula. Nenda jioni, siyo dakika ileile, na usiende na mzoga mkononi. Mzoga ni tusi. Picha kwenye simu zinatosha. Mara ya tatu nilipokwenda niliingia hivi: "Hodi hapa! Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akaniletea kigoda, tukaulizana za nyumbani. Ndipo nikamwambia: "Mzee wangu, nimekuja unisaidie jambo. Nimeandika saa ambazo kuku wangu wanakufa, naomba tuzitazame pamoja." Neno mbwa alilitaja yeye mwenyewe.

Omba vitu vinavyopimika. Mbwa afungwe saa kumi na moja alfajiri badala ya saa moja na nusu. Upenyo chini ya geti uzibwe, na toa nusu ya gharama ya hilo banzi kama unaweza, maana anayechangia ana nafasi ya kuuliza. Mbwa alishwe kabla ya kufunguliwa. Achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka. Dume ahasiwe, bwana mifugo wa kata atakuelekeza. Fidia izungumzwe mwisho, kwa bei ya soko ya siku hiyo. Mtetea anayetaga au anayelea vifaranga si sawa na jogoo wa mchuzi, na hilo lisemwe waziwazi. Kubalianeni kwa maandishi mafupi mbele ya balozi au mwenyekiti wa mtaa.

Akikataa kata kata, mwenyekiti wa mtaa ndiye anayefuata, kisha mtendaji, kisha Baraza la Kata, ambalo kazi yake ya kwanza ni kusuluhisha. Halmashauri nyingi zina sheria ndogo za mifugo na wanyama wanaozurura. Mtendaji atakuonyesha ya kwenu. Kwa Kenya mlango ni mzee wa mtaa na chifu. Kila ngazi watakuuliza tarehe, saa na picha, na kama ulifagia, utakuwa na hasira tu.

Usitege sumu. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu kila mtaa una mzee anayeshauri nyama yenye dawa. Nyama ile haichagui: ataila mbwa mwingine, paka wako, mtoto anayetambaa, na kuku wako mwenyewe atadonoa matapishi. Zaidi ya hapo, kuua au kujeruhi mnyama wa mtu kwa makusudi ni kosa la jinai Tanzania, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza ukatili. Wewe uliyekuwa mlalamikaji utalala mahabusu huku kuku wako wakiliwa na kicheche.

Mbwa hana mwenyewe, au hayuko sawa

Mbwa koko asiyefahamika hana geti la kugonga. Ziba ua, safisha taka, toa taarifa kwa mtendaji au ofisi ya mifugo.

Anayeingia saa sita mchana bila kuogopa watu, mate yanamtoka, anang'ata kuku, vijiti, hata mawe, sauti yake imebadilika au taya limelegea, huyo mchukulie kuwa na kichaa cha mbwa. Ingiza watoto ndani, acha kuku wafe, mwite mtendaji na bwana mifugo. Mtu aking'atwa au akikwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo. Ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa binadamu hautibiki, kwa hiyo msisubiri kuona mbwa atafanyaje.

Hata kwa mbwa mzima kiafya, usitie mkono mdomoni mwake akiwa ameshika kuku. Ndoo ya maji humwachisha haraka kuliko fimbo.

Kwangu kilichobaki kilikuwa geti langu mwenyewe. Banda zima, sketi imelala, jirani anamfunga mbwa saa kumi na moja, na bado Jumamosi moja mchana akaingia akanasa jogoo mkia. Watoto walitoka kwenda dukani wakaliacha wazi. Nilikata tyubu ya baiskeli, ncha moja nikaifunga kwenye nguzo, nyingine kwenye fremu ya geti, likawa linajirudisha lenyewe kila mtu akipita. Tyubu hulegea kwa jua baada ya miezi kadhaa. Ninayo ya akiba, imening'inia nyuma ya mlango wa stoo.